Pinboli: acheni kutafuta ukumbi wenye mashine nyingi

Natengeneza mashine za pinboli, ule mchezo wa kupiga gololi ya chuma kwenye ubao chini ya kioo, hapa Chicago, mji ambao makampuni ya mashine hizo, Gottlieb, Bally na Williams, walikuwa na viwanda vyao, na kila nikifungua mashine ya mteja lazima aniulize "fundi, wapi kuna mashine nyingi tukacheze?" Nimechoka na hilo swali jamani.

Eti mashine nyingi ndo sehemu nzuri. Wapi! Ukumbi una mashine arobaini halafu fundi anapita akikumbuka, unategemea nini? Baa ya mtaani yenye mbili tu, mwenyewe anazifungua kila wiki anazifuta, hiyo ndo ya kwenda. Ukifika usitie hela kwanza, simama pembeni mwangalie mwenzio akicheza. Gololi ikipigwa na flipa, vile vijikono vya chini unavyoendesha kwa vitufe, inapanda rampu mpaka juu au inakata pumzi katikati inarudi? Ikirudi kila mara na jamaa anaipiga vizuri, basi flipa imechoka, vipuri vya ndani vimelika, hata uwe na vidole vya dhahabu hufiki popote.

Halafu inama uchungulie chini ya kioo. Ukiona michirizi myeusi kwenye njia za gololi, hilo ni vumbi la raba na chuma, likiachwa linageuka msasa, gololi inakwaruzika nayo inakwangua rangi ya ubao, na hapo gharama siyo ya kitambaa tena. Cheki na mteremko, kawaida ni kama digrii 6.5, mashine nyingi zina pima maji ndogo pembeni, ikilazwa sana mchezo unakuwa goigoi hadi usingizi. Na muulize muuza baa nani anazitengeneza na huwa anakuja lini. Akikujibu "sijui", maliza soda yako uondoke.

Eti ukiandika "arcade" kwenye simu inatosha. Utaletewa kumbi za watoto za kushindania tiketi. Tumia Pinball Map, ramani ya mtandaoni iliyoanzia Portland, Marekani, mwaka 2008, wachezaji wenyewe wanaandika mashine gani iko wapi na hali yake. Ila soma tarehe ya maoni ya mwisho! Maoni ya miaka miwili nyuma hayakusaidii kitu.

Eti pinboli imekufa, imebaki ya makumbusho. Kampuni ya Stern wanatoa mashine mpya mpaka leo, tena hapahapa pembeni ya Chicago. Tuendelee.

Eti ni bahati tu, kama kamari. New York waliamini hivyo wakapiga marufuku toka 1942, na mashine za wakati ule kweli hazikuwa na flipa, zilikuja 1947. Mwaka 1976 Roger Sharpe, mwandishi na mchezaji hodari wa pinboli, akacheza mbele ya madiwani, akawaambia gololi itapita njia gani kabla ya kuirusha, ikapita, marufuku ikaondolewa. Mtu akikwambia bahati mwambie aikamate gololi kwenye flipa aitulize kwanza ndo apige, maana wengi wanabonyeza flipa zote mbili kwa pamoja halafu wanalaumu mashine.

Eti ikizima ukiisukuma ni mbovu. Hiyo ni tilti, ndani kuna kipande kinaning'inia katikati ya pete, kikigusa unaweza kupoteza gololi yako. Kusukuma kidogo ruksa na ni sehemu ya mchezo. Mbovu ni ile unayoitikisa mpaka miguu inahama na bado inaendelea kucheza, maana hapo kila anayepita anaibamiza anavyotaka na Jumatatu naitwa mimi.