Mwale wa Elektroni na Madhara Yake kwa Utando wa Oksaidi

Wafanyabiashara wa madini hapa Arusha wanafahamu vizuri kwamba tanzanite iliyotoka Mererani ikiwa na rangi ya kahawia hugeuka buluu baada ya kupashwa moto tanurini, ilhali umbo lake hubaki vilevile. Kinachobadilika ni hali ya atomu chache za metali zilizomo ndani ya jiwe. Jambo ninalolieleza leo linakaribiana na hilo, isipokuwa kwamba mahali pa moto pana elektroni, na mabadiliko yake hayaongezi thamani bali humpotosha mtafiti asiyeyatarajia.

Tando nyembamba za oksaidi za metali zimo katika vifaa tunavyovishika kila siku. Kioo cha simu hupitisha mwanga na umeme kwa pamoja kwa sababu kimepakwa oksaidi ya indi na bati, na baadhi ya seli za jua hutumia dioksaidi ya titani. Utando wa namna hiyo huweza kuwa na unene wa nanomita 100 tu, yaani unywele wa binadamu huuzidi mara mia kadhaa. Ubora wake hutegemea uwiano wa oksijeni na metali, na uwiano huo ndio tunaoupima maabara.

Njia mojawapo ya kuupima ni spektroskopi ya Auger, iliyopewa jina la mwanafizikia Mfaransa Pierre Auger. Sampuli huwekwa ndani ya ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, ikapigwa kwa mwale wa elektroni wenye nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe ndogo) elfu kadhaa, kisha elektroni zinazotoka kwenye sampuli hupimwa nishati zake. Kila elementi hujitambulisha kwa vilele vyake kwenye grafu ya nishati hizo: oksijeni karibu na elektronivolti 510, kaboni karibu na 270. Tatizo ni kwamba mwale huohuo unaotuonyesha oksijeni ndio unaoifukuza.

Wengi hudhani kwamba elektroni huisukuma atomu kama gololi inavyoisukuma nyingine. Hesabu inakataa. Atomu ya oksijeni ina uzito wa takriban mara 29,000 ya elektroni, kwa hiyo elektroni yenye nishati ya elektronivolti 5,000 ikiigonga haiwezi kuipa hata elektronivolti 1, kiasi ambacho hakitoshi kuing'oa mahali pake. Maelezo ya kuridhisha yalitolewa mwaka 1978 na Michael Knotek na Peter Feibelman wa Marekani, nami nayahesabu miongoni mwa maelezo mazuri kabisa katika fizikia ya nyuso. Katika dioksaidi ya titani, titani imekwisha kuzitoa elektroni zake nne za nje na kuzikabidhi kwa oksijeni. Mwale unapoing'oa elektroni ya ndani ya titani, hubaki pengo linalotaka kuzibwa, na kwa kuwa titani haina tena akiba ya nje, elektroni ya kuziba hutoka kwa jirani yake, oksijeni. Nishati inayopatikana hapo huiondolea oksijeni elektroni nyingine moja au mbili, hata ile iliyokuwa na chaji hasi ikajikuta na chaji chanya, imezungukwa na titani zenye chaji chanya pia. Chaji zinazofanana hufukuzana, na oksijeni hurushwa nje kwenye ombwe.

Kiwango cha elektroni zinazohusika si kidogo. Mkondo wa nanoampea 10, ukielekezwa kwa sekunde 100 kwenye mraba wenye upande wa maikromita 10, hupeleka pale elektroni zipatazo trilioni 6.2. Atomu za juu kabisa katika mraba huo ni takriban bilioni 1. Kila atomu, basi, imepitiwa na elektroni zaidi ya elfu sita kabla mtafiti hajamaliza kuchukua grafu moja.

Baada ya kazi kama hiyo, mara nyingi huonekana chini ya hadubini mraba mweusi mahali mwale ulipopita. Weusi huo usichukuliwe haraka kuwa ni uharibifu wa oksaidi, kwa sababu mwale pia hugandisha kaboni inayotokana na mivuke ya mafuta iliyobaki ndani ya ombwe. Vilele ndivyo vinavyoamua: kaboni ikipanda, ni masizi, kilele cha oksijeni kikishuka kuliko vile vya titani, utando umepoteza oksijeni. Uthibitisho zaidi hupatikana kwa spektroskopi ya eksirei, inayotumia eksirei badala ya mwale wa elektroni, ambapo kilele cha titani yenye oksijeni kamili huwa karibu na elektronivolti 459, na ile iliyopungukiwa oksijeni huonekana karibu na 457.

Kwa hiyo grafu moja haitoshi. Tunachukua kadhaa mfululizo mahali palepale, tunachora kimo cha oksijeni dhidi ya muda, kisha tunaurefusha mstari kurudi nyuma hadi sekunde ya sifuri, ambako thamani ya kweli ya utando hukadiriwa. Mkondo hupunguzwa na eneo la mwale hupanuliwa, hata kama grafu itakuwa na makelele zaidi. Wanafunzi wetu wanaopeleka sampuli kupimwa nje ya nchi nawasihi wadai, pamoja na asilimia ya oksijeni, mambo manne yaandikwe kwenye ripoti: volti za mwale, mkondo wake, ukubwa wa eneo lililopigwa, na sekunde zilizopita kabla ya grafu ya kwanza kukamilika.