Kwa nini wajamaa wa New York hupitia chama cha Democratic

Tangu Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, ashinde umeya wa New York Novemba 2025, swali ninaloulizwa zaidi ni moja. Huyu ni mjamaa, tena hafichi. Mbona aligombea kwa tiketi ya Democratic, chama kilekile ambacho wajamaa wenzake wanakilaumu kwa kula meza moja na matajiri wa Wall Street? Wazee wa Mlimani wanaokumbuka mihadhara ya baba yake, Mahmood, miaka ya 1970, huniuliza kwa ukali zaidi: chama cha wafanyakazi kiko wapi?

Nimekuwa nikifundisha mifumo ya uchaguzi kwa muda mrefu, na jibu langu huwaudhi wanaotaka kusikia habari za usaliti au za uchanga wa fikra. Ninaanza na karatasi ya kura.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1880, serikali za Marekani hazikuwa zikichapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapa yake na kuwagawia watu, nao wakaenda kuitumbukiza sandukuni kila mtu akiona. Rushwa na vitisho vilikuwa vya kawaida. Lakini kuanzisha chama kulikuwa rahisi: mwenye pesa za mchapaji alikuwa ameshaingia uchaguzini. Na vyama viwili vikikubaliana juu ya mgombea mmoja, kila kimoja kilichapa jina lake kwenye karatasi yake, kisha kura zikajumlishwa. Wakulima wa chama cha People's Party, waliojulikana kama Populists, walikua kwa njia hiyo. Mwaka 1892 mgombea wao wa urais, James Weaver, alipata zaidi ya kura milioni moja na wajumbe 22 wa kumchagua rais.

Kisha ikaja kura ya siri. Massachusetts ilitangulia mwaka 1888, majimbo mengine yakafuata, na serikali ikachukua kazi ya kuchapa. Hapo likazuka swali ambalo halikuwahi kuwapo: nani aandikwe kwenye karatasi hiyo? Waliolijibu walikuwa wabunge wa majimbo, yaani Wademocrat na Warepublican. Jimbo baada ya jimbo likapiga marufuku jina la mgombea kuandikwa chini ya vyama viwili. Yakafuata masharti ya saini. Georgia, kwa sheria ya mwaka 1943, inamtaka mgombea wa chama kidogo anayetaka kwenda Baraza la Wawakilishi akusanye saini za asilimia 5 ya wapiga kura walioandikishwa katika eneo lake. Tangu sheria hiyo itungwe, hakuna chama kidogo hata kimoja kilichofaulu kumweka mgombea wa baraza hilo kwa njia hiyo. Watanzania waliofuatilia kesi ya Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi, hadi ikafika Mahakama ya Afrika pale Arusha, wanajua jinsi mstari mmoja wa sheria unavyoweza kuamua siasa nzima kabla kampeni haijaanza.

Kuna jambo la pili ambalo msomaji wa kwetu hulipita bila kuliona. Chama cha Marekani si chama kama tunavyokijua. Kwetu mtu anaweza kuongoza kura za maoni kwa mbali, vikao vya juu vikakaa, jina likakatwa, na mambo yakaishia hapo. Kule uchaguzi wa mchujo husimamiwa na serikali, katika majimbo mengi wapiga kura wenyewe ndio wanaojiandikisha kuwa wanachama, na anayeshinda ndiye anayepeperusha bendera, viongozi wapende wasipende. Viongozi wengi wakubwa wa Democratic hawakumtaka Mamdani. Hawakuwa na kikao cha kumkata.

Kwa hiyo sheria zilizofunga mlango wa nje zimeuacha wazi wa ndani. Mjamaa mwenye akili timamu atapita wapi?

New York, hata hivyo, iliwahi kuwa na mlango wa tatu, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi darasani. Mwaka 1935 Wademocrat wa jiji hilo, waliokuwa mikononi mwa mitandao ya vigogo wa chama kama Tammany Hall, walipata kura kama theluthi mbili lakini wakachukua viti 62 kati ya 65 vya madiwani. Huo ndio mfumo wa wengi wape, ambapo anayeongoza katika eneo huchukua kiti peke yake, ukifanya kazi yake. Novemba 1936 wananchi wakapiga kura ya maoni na kuubadili uwe wa uwiano, yaani viti vigawanywe kulingana na kura. Kuanzia 1937 kila wilaya kubwa ya jiji, kama Brooklyn au Manhattan, ikawa eneo moja lenye madiwani kadhaa. Mpiga kura aliorodhesha wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mgombea aliyefikisha kura 75,000 alipata kiti. Zilizozidi, na za walioondolewa mkiani, zikahamia kwa aliyefuata kwenye orodha ya kila mpiga kura. Kuhesabu kulichukua siku nyingi, kwa mikono, na magazeti yalilalamika sana.

Katika uchaguzi wa kwanza Wademocrat walibaki na viti 13 kati ya 26. Vilivyobaki viligawanywa kwa Warepublican, wagombea huru na American Labor Party, chama kilichoundwa mwaka 1936 na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1941 Adam Clayton Powell, mchungaji wa Harlem, akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuingia baraza hilo. Mwaka huohuo Brooklyn ikamchagua Peter Cacchione, mkomunisti aliyegombea kwa jina la chama chake bila kujificha. Powell alipoelekea Bunge la Marekani, kiti chake kikachukuliwa mwaka 1943 na mkomunisti mwingine, wakili Benjamin Davis. Ni vigumu kuona wakomunisti hao wawili wakipita kwa mfumo wa 1935. Wafuasi wao walikuwepo miaka yote. Ilikuwa kura zao zimetawanyika mitaani kote, na hakuna mtaa mmoja walikokuwa wengi.

Mwaka 1947 milango miwili ilifungwa kwa mpigo. Vita baridi vikiwa vimeanza kupamba moto, kampeni ya kufuta mfumo wa uwiano iliendeshwa kwa hofu ya ukomunisti, na kura ya maoni ya Novemba ikaufuta. Bunge la jimbo nalo likapitisha sheria iitwayo Wilson-Pakula, inayomzuia mtu asiye mwanachama kugombea mchujo wa chama bila ruhusa ya viongozi wa chama hicho. Kila mtu alijua imeandikwa kwa ajili ya nani. Vito Marcantonio, mbunge wa East Harlem wa American Labor Party, alikuwa na tabia ya kuingia mchujo wa Democratic na wa Republican, na mara nyingine kuishinda yote miwili. Mwaka 1948 alipita kwa mstari wa Labor peke yake, yaani nafasi ya chama hicho kwenye karatasi ya kura. Mwaka 1950 Wademocrat, Warepublican na chama cha Liberal wakaungana nyuma ya mtu mmoja na kumwangusha. Na baraza la jiji? Mwaka 1949, uchaguzi wa kwanza bila uwiano, Wademocrat walichukua viti 24 kati ya 25.

Ninaposema mfumo wa vyama viwili ulitengenezwa, nazungumzia tarehe kama hizo. Watu hupenda kueleza kwamba Mmarekani kwa hulka yake anapenda mambo ya katikati. Huyohuyo wa Harlem alimchagua mkomunisti pale hesabu ilipomruhusu.

New York ilibakiza kitu kimoja cha zamani: jina la mgombea bado linaweza kuandikwa chini ya vyama viwili, na kura zikajumlishwa. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Minnesota, iliamua kwamba majimbo yana haki ya kukataza jambo hilo, na yanayoliruhusu ni machache. Working Families Party, iliyoanzishwa New York mwaka 1998, inaishi kwa nafasi hiyo. Hesabu yake ni ya kisiasa kabisa: ukimpigia Mdemocrat kwenye mstari wa Working Families, kura inamfikia, lakini anajua imetoka wapi. Na akichafua, chama kinaweza kumnyima mstari, au kusimamisha wake. Letitia James, ambaye leo ni mwanasheria mkuu wa jimbo, aliingia baraza la jiji mwaka 2003 kwa mstari huo peke yake, akimshinda mgombea wa Democratic.

Udhaifu ni kwamba mstari wenyewe ni wa kupangishwa, na mwenye nyumba ndiye anayepanga kodi. Zamani kura 50,000 za ugavana kila miaka minne zilitosha kuulinda. Mwaka 2020, Andrew Cuomo akiwa gavana, kiwango kikapandishwa: kura 130,000 au asilimia 2, yoyote iliyo kubwa, na kila baada ya miaka miwili. Working Families waliokoka mwaka huo kwa kura zaidi ya 380,000 walizompa Biden kwenye mstari wao. Green Party, chama cha wanamazingira, walipoteza wao. Miaka mitano baadaye Cuomo huyohuyo alishindwa mchujo wa umeya na Mamdani, akaenda uchaguzi mkuu kama mgombea huru, akashindwa tena. Sina la kuongeza hapo.

Najua kuna atakayeniuliza habari za Ralph Nader, mgombea urais wa Green Party anayelaumiwa kwa kumnyima Mdemocrat Al Gore ushindi, na Florida mwaka 2000: kura 97,488 za Nader, na Bush kumpita Gore kwa 537. Mjadala wa nani alaumiwe umechosha. Ninachokiona mimi ni kwamba chama kidogo kinachoanzia kwenye urais kimechagua uwanja mbovu kuliko yote, kwa sababu karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wote. Ross Perot, mgombea huru ambaye hakuwa wa kushoto wala maskini, alipata karibu asilimia 19 ya kura mwaka 1992 na hakuambulia mjumbe hata mmoja.

Mrengo wa kushoto ulio nje ya vyama viwili umedumu zaidi mijini. Milwaukee ilitawaliwa na mameya wajamaa kwa vipindi kati ya 1910 na 1960, na wajamaa wenzao waliwakebehi kwa kushughulika mno na mitaro ya majitaka. Wapiga kura waliitaka hiyo mitaro. Burlington, Vermont, ilimpa mjamaa Bernie Sanders umeya mwaka 1981 kwa tofauti ya kura 10. Kundi lake lilianzisha mfuko wa ardhi ya jamii uliowawezesha watu wa kipato cha chini kumiliki nyumba, na likazaa Progressive Party ambayo mwaka 2024 ilirudi kwenye kiti hicho cha meya. Richmond, California, yenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Chevron, ilimchagua meya wa Green Party mwaka 2006. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilitumia kama dola milioni 3 kwenye uchaguzi wa mji wa watu laki moja na kidogo, na wagombea wake wakaanguka. Chaguzi za miji ya California hazina majina ya vyama kwenye karatasi, na hilo lilisaidia sana.

Je, Mamdani ni huru? Kwenye karatasi ya Novemba jina lake lilikuwa chini ya Democratic na chini ya Working Families. Mimi siipimi uhuru kwa mstari. Ninauliza nani aliyemlipia kampeni, nani aliyegonga milango, na akiyumba nani ana nguvu ya kumwita. Kampeni yake iliendeshwa na maelfu ya watu wa kujitolea, wakiwemo wengi wa Democratic Socialists of America (DSA), jumuiya ya wajamaa, na michango midogo ambayo jiji huiongezea dola 8 kwa kila dola 1. Kwa vipimo hivyo viwili vya kwanza yuko huru kuliko wagombea wengi wa Green Party. Cha tatu bado sijakiona. DSA haina njia ya kumvua tiketi meya aliyeipata mchujoni, na mlango uliomwingiza bila kibali cha viongozi wa Democratic unamruhusu pia kukaa bila kibali cha wajamaa.

Ndiyo maana nashangaa wanaharakati wa New York kutolipa uzito suala la uwiano. Kuorodhesha wagombea kwa namba tayari wanakufanya kwenye mchujo wa jiji, lakini kwa kiti kimoja kimoja. Portland, Oregon, ilibadili katiba yake ya mji kwa kura ya maoni mwaka 2022, na Novemba 2024 ikachagua madiwani 12 kutoka maeneo manne, watatu kila eneo, kwa kura za kuhamishika. Ukivuka robo ya kura umepata kiti, na wajamaa kadhaa wakapita. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1967 inayolazimisha mbunge mmoja kwa eneo moja inahusu Bunge la Marekani tu. Madiwani wa New York haiwagusi, na hatua ya kwanza ni ileile ya Novemba 1936: kura ya maoni ya jiji.