Dakika za kupasha ngoma moto

Aliyepita mazoezini jioni hapa Bagamoyo anaijua picha hii: makuti makavu yamewashwa, ngoma zimesogezwa motoni ili ngozi ikaze, vijana wamezunguka wakisubiri. Mimi ni mnasihi wa vijana balehe, na kwangu hizo ndizo dakika zenye thamani kuliko zote za mazoezi.

Kijana wa miaka 15 ukimwita ofisini ukamkalisha mbele yako, atakujibu "niko sawa, Mwalimu", basi. Lakini akichuchumaa ubavuni mwako, mikono ikiizungusha ngoma na macho yakiwa motoni, neno linamtoka: "Mwalimu, siku hizi silali." Usilirukie kwa mawaidha. Muulize, "Tangu lini?" kisha nyamaza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Huo ni wastani wa dunia nzima. Kwa kundi la ngoma la vijana 20, ni kama watatu.

Kucheza pamoja kunamchangamsha kijana na kumpa wenzake. Ila sanaa hii chombo chake ni mwili, na mwili wa umri huo haujatulia. Binti amevunja ungo juzi, mvulana amerefuka ghafla na hatua alizozimudu mwaka jana zinampotea. Ukimwambia binti mbele ya wenzake, "Kiuno kizito kama gunia," hutakuwa umerekebisha sindimba, ile ngoma ya kiuno ya Wamakonde, umemfundisha kuuchukia mwili wake. Mwambie, "Umewahi, subiri ngoma kubwa ndipo ushuke." Kosa ni lile lile, ila sasa ana la kufanya. Nawasihi sana walimu wenzangu katika hili, maana nimewaona walioacha kula kwa sababu ya sentensi moja.

Mwalimu wa ngoma humwona kijana akitembea, akicheka, akichoka, hivyo huweza kugundua mabadiliko kabla hata ya mzazi. Aliyekuwa mbele sasa anajificha mstari wa nyuma. Anavaa sweta la mikono mirefu juani. Hasira za karibu, chakula hakimpiti kooni. Yakiendelea wiki mbili au zaidi, zungumza naye, halafu mshirikishe mzazi, isipokuwa pale unapohisi kwamba madhara yanatoka nyumbani. Hapo anza na afisa ustawi wa jamii.

Akigusia kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, wengi hupumua. Usimwache peke yake, mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure.

Wala usimwahidi kwamba utakuwa msiri wa kila kitu. Mwambie tangu pale motoni: "Mengine yatabaki kwangu, mwanangu. Lakini maisha yako yakiwa hatarini nitatafuta msaada, na nitakwenda nawe."