Shahada ya sayansi ya ukokotoaji: yanayodhaniwa na ukweli wake

Dhana: Ni sayansi ya kompyuta iliyobadilishwa jina.
Sivyo. Mwanasayansi wa kompyuta huichunguza kompyuta yenyewe na algorithimu zake. Mwanasayansi wa ukokotoaji ana swali la fizikia au biolojia lililoishinda karatasi na kalamu, ndipo anaandika programu. Mwaka 2013 Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel walitunukiwa Nobeli kwa modeli za kompyuta za molekuli changamano, na tuzo yenyewe ilikuwa ya kemia.

Dhana: Kompyuta haikosei hesabu, hivyo kozi ya makosa ya kinambari ni ya hiari.
Hapa sina simile: iwe ya lazima. Moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa jozi, yaani wa tarakimu 0 na 1 tu, ambao kompyuta hutumia. Lazima ikatwe mahali. Mtambo wa kutungua makombora wa Patriot uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na namba hiyo ilikatwa kwenye biti 24. Upungufu wenyewe haufiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Lakini mtambo ukiwa umewashwa kwa saa 100 hivi, saa yake ilikuwa imepotoka kwa takriban sekunde 0.34, muda unaotosha kombora la Scud kwenda zaidi ya nusu kilomita. Tarehe 25 Februari 1991 ulilitafuta kombora mahali lisipokuwepo, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa.

Dhana: Bila kompyuta kuu, hakuna programu ya shahada.
Kamati za mitaala zinapenda sana kisingizio hiki. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, aliingiza 0.506 badala ya 0.506127, na hali ya hewa ya modeli yake ikaenda njia nyingine kabisa. Leo mwanafunzi anarudia jaribio la aina hiyo kwenye kompyuta mpakato, ndani ya kipindi kimoja.

Dhana: Chukua kozi za idara tatu, ziunganishe, mtaala tayari.
Ukifanya hivyo utapata mwanafunzi anayejua matriki na anayejua kemia, asiyejua vinakutania wapi. Mradi wa pamoja wenye wasimamizi wawili, tangu mwaka wa kwanza, husaidia zaidi ya kuongeza kozi. Ugumu uko kwa walimu: anayefundisha nusu hisabati, nusu kemia, vipindi vyake vinahesabiwa idara ipi, na nani anampendekeza kupandishwa cheo? Hilo lijibiwe kwa maandishi kabla mtaala haujafika seneti ya chuo.