Kusafisha damu ya mtoto mahututi: tunaanza kwa lengo gani?

Wazazi wakiambiwa kwamba figo za mtoto wao zimeshindwa kazi, wengi huuliza jambo moja kwanza: mashine ya kusafisha damu ipo? Wana haki ya kuuliza hivyo. Ila hata pale mashine ilipo na wataalamu wapo, kuna swali jingine ambalo sisi madaktari wa figo za watoto tunapaswa kulitamka wazi kabla ya kuingiza mrija wowote: tunataka kumfikisha wapi mtoto huyu?

Jibu huanzia kwenye chanzo cha ugonjwa. Mtoto aliyeharisha hadi akaishiwa maji, aliyepata malaria kali au maambukizi yaliyoingia kwenye damu, figo zake zinaweza kusimama ghafla. Akisafishwa damu, yaani akifanyiwa dayalisisi, kwa siku au wiki kadhaa, mara nyingi figo hizo hurudia kazi yake na mrija hutolewa. Kuna familia zinazokataa kwa sababu zimesikia kwamba ukishaanza dayalisisi huachi mpaka kufa. Kwa mtoto wa aina hii maneno hayo si kweli, na yamewanyima watoto nafasi ya kupona.

Hali ni tofauti kwa mtoto anayezaliwa na figo zisizojengeka, au mtoto wa kiume mwenye vijitando vilivyoziba njia ya mkojo tangu tumboni. Hapa lazima tutazame na mapafu. Kuanzia katikati ya ujauzito, sehemu kubwa ya maji ya uzazi ni mkojo wa mtoto mwenyewe, na mapafu huyahitaji maji hayo ili yakue. Mkojo ukikosekana mapema, mapafu hubaki madogo. Dayalisisi itaondoa sumu na maji yaliyozidi, lakini haiwezi kuyakuza mapafu hayo. Mzazi anastahili kuelezwa hilo siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa, na si baada ya wiki tatu za mirija.

Kisha kuna udogo wenyewe. Mtoto mchanga wa kilo 3 ana damu isiyozidi sana mililita 240, pungufu ya glasi moja, na mashine ya kawaida huhitaji kuitoa nje sehemu kubwa ya damu hiyo kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nchini Italia ilibuniwa mashine ya watoto wachanga, CARPEDIEM, iliyotumika kwa mara ya kwanza mwaka 2013. Hata hivyo, kwa wachanga wengi njia inayochaguliwa ni ya tumbo: maji maalumu huingizwa kwa mrija tumboni, hukaa humo yakivuta uchafu kupitia utando wa tumbo, kisha hutolewa.

Njia hiyo inaweza kufanyika nyumbani, na hapo ndipo maisha ya familia hubadilika. Kila jioni mama au baba ananawa mikono kwa utaratibu uleule, anavaa barakoa, anaunganisha mrija, na mashine inafanya kazi kwa muda wa saa 8 hadi 12. Kengele ikilia usiku wa manane, anaamka. Akikosea hatua moja ya usafi, tumbo linaweza kupata maambukizi na safari ya wodini inaanza upya. Mtoto mwenyewe mara nyingi hulishwa kwa mrija wa puani au tumboni, kwa kuwa hamu ya kula hupotea. Na upandikizaji wa figo kwa kawaida husubiri afikishe takriban kilo 10. Wapo wanaoona ni vibaya kuutaja uchovu wa wazazi pale uhai wa mtoto unapojadiliwa. Mimi naona ni wajibu kuutaja, kwa sababu wao ndio watakaoifanya kazi hii kila usiku, na mtoto hutegemea nguvu zao.

Kuna mambo ambayo hayafai kuingia kwenye mizani. Katika mji wa Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashine zilikuwa chache na kamati ya watu saba iliteuliwa kuchagua nani atibiwe. Ilitazama kipato, elimu, hata mahudhurio ya kanisani. Watoto waliwekwa nje tangu mwanzo. Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1962 zilizua mjadala mkubwa, na miaka 10 baadaye sheria ya nchi hiyo ilipitisha kwamba serikali igharamie tiba hiyo. Leo bado nasikia mtoto mwenye ulemavu wa akili akizungumziwa kana kwamba uhai wake una bei ndogo. Kinachopimwa ni kama tiba itamnufaisha yeye au itamrefushia mateso tu. Thamani yake haipimwi.

Pale nafasi ya kupona ni kubwa, daktari hapaswi kukubali kirahisi wazazi wakikataa. Kamati ya maadili ya hospitali, na wakati mwingine sheria, huingilia kumlinda mtoto. Pale tiba isipoweza kumpa chochote zaidi ya maumivu, daktari halazimiki kuianza. Katikati ya hapo kuna eneo pana la mashaka, na humo kauli ya wazazi waliopewa ukweli wote ndiyo inayobeba uzito.

Katika eneo hilo napendelea jaribio la muda maalumu. Timu na familia hukubaliana: tunaanza, tunatazama vitu hivi (kupumua, uzito, ubongo, mkojo), na tarehe fulani tunakaa tena. Makubaliano yaandikwe kwenye faili, ili muuguzi wa zamu ya usiku asiwaambie wazazi jambo tofauti. Kimaadili, kuacha tiba iliyoshindwa hakutofautiani na kutoianza. Kihisia, kuacha ni kuzito zaidi, na wazazi wasiachwe waubebe uamuzi huo kana kwamba wametia saini ya kifo. Daktari atoe pendekezo lake na alisimamie.

Tiba ikiachwa, huduma haiachwi. Asiyetoa mkojo kabisa huishi siku chache hadi wiki moja au mbili; mwenye mkojo kidogo huweza kuishi zaidi. Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, hudhibiti maumivu, kichefuchefu, kuwashwa na kubanwa pumzi. Dawa za maumivu huchaguliwa kwa uangalifu: mabaki ya mofini hujikusanya mwilini figo zisipofanya kazi, hivyo fentanili mara nyingi ni salama zaidi.

Na mtoto mkubwa aulizwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa haki ya kusikilizwa kadiri ya umri na upevu wake. Kijana wa miaka 14 anayekataa kupanda kitandani siku ya dayalisisi huenda ana sonona, anaumizwa na sindano, au anaogopa kuachwa nyuma shuleni, na hayo yote yana tiba. Au huenda amechoka kwa kweli na anajua anachokisema. Ili kujua ni lipi, mtu anayemwamini lazima akae naye, wazazi wakiwa nje ya chumba, bila haraka.