Msalaba wa Ruthwell: kipi cha kale, kipi kiliongezwa

Anayeingia kanisa la Ruthwell, kusini mwa Scotland, hukuta msalaba wa jiwe wenye urefu unaozidi mita 5, umesimamishwa ndani ya shimo lililochimbwa sakafuni ili utoshe chini ya paa. Ni kazi ya karne ya 8. Ila usianze na mikono yake. Mikono hiyo ilichongwa mwaka 1823, na ukiitumia kueleza imani ya watu wa Northumbria, ufalme wa kale uliouchonga msalaba huu, utakuwa unaeleza karne ya 19.

Historia yake ndiyo inayoonyesha mahali pa kutazama. Mwaka 1640 Baraza Kuu la Kanisa la Scotland liliamuru sanamu za ibada zibomolewe, na mwaka 1642 msalaba huu ukaangushwa na kuvunjwa. Vipande vyake vilibaki ndani ya kanisa zaidi ya miaka 100 kabla ya kutolewa nje na kuwekwa uani. Mchungaji Henry Duncan, yule mwanzilishi wa benki ya akiba, ndiye aliyevikusanya na kuvisimamisha kwenye bustani ya nyumba yake. Mwaka 1887 msalaba ukarudishwa kanisani. Katika kuuunga upya, jiwe la juu kabisa liliwekwa kinyume, mbele ikawa nyuma. Kwa hiyo picha ya kileleni usiisome pamoja na picha zilizo chini yake upande huohuo mpaka uwe umeigeuza kichwani mwako.

Sasa ulinganishe na msalaba wa Bewcastle, Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, ambao ni wa kizazi kimoja na huu. Nguzo yake haijaondoka uani pa kanisa, japo kichwa kimepotea. Kwa kuwa imenyeshewa mvua karne zote hizo, maandishi marefu ya upande wake wa magharibi yamelika kiasi kwamba wataalamu bado wanabishania maneno yake. Wa Ruthwell ulivunjwa, lakini vipande vilivyolala ndani vilikwepa sehemu kubwa ya baridi na mvua. Naamini hili ndilo jambo kuu la kuelewa kuhusu misalaba hii: mara nyingi iliyodharauliwa ndiyo iliyosalimika. Huko Durham, mwaka 1891, misalaba ya namna hii ilifukuliwa kutoka kwenye misingi ya jengo la kanisa kuu, ilikokuwa imetumika kama mawe ya kawaida tu.

Herufi za runi, yaani alfabeti ya kale ya kaskazini mwa Ulaya, za Ruthwell ziko kwenye pande mbili nyembamba, pembezoni mwa mzabibu uliojaa ndege na wanyama. Soma kwanza ukingo wa juu, kisha ushuke ukingo wa kulia, halafu wa kushoto. Ukingo ni mwembamba, hivyo kila mstari una herufi chache tu na neno hukatwa popote. Ndani yake msalaba wenyewe unazungumza, ukieleza ulivyombeba Kristo. Maneno hayo yanakaribiana na shairi la Kiingereza cha kale lililohifadhiwa katika hati ya Vercelli, Italia. Pande pana zina Kilatini na picha. Ninayoipenda zaidi ni ya Paulo na Antonio, wakaa pweke wa jangwa la Misri, wakimega mkate.

Ukitaka kuona michongo hafifu, usimulike jiwe kutoka mbele. Shika tochi ubavuni, mwanga upite karibu sambamba na uso wa jiwe, kisha uizungushe polepole. Mfereji usioonekana mchana utatupa kivuli. Usisugue jiwe, wala usipake chaki.

Kwenye ukarabati, adui wawili hujirudia. Wa kwanza ni chuma: pini ikishika kutu huvimba na kupasua jiwe kutoka ndani. Wa pili ni saruji. Ikiwa ngumu kuliko jiwe la mchanga, maji hayapiti kwenye kiungo, hutokea kwenye jiwe lenyewe. Chumvi hubaki hapo na uso huanza kubambuka. Chokaa laini ya kwenye viungo ndiyo inayopaswa kulika badala ya jiwe. Waliokarabati nyumba za matumbawe za Lamu na Unguja wanalijua tatizo hili vizuri.

Ila kuna kosa ambalo hata chokaa hailiponyi, nalo ni la uzani. Msalaba wa Mtakatifu Yohana kisiwani Iona, magharibi mwa Scotland, uliungwa kwa ulimi na tundu, kama useremala, huku mikono ikiwa na upana unaozidi mita 2. Pete inayozunguka makutano iliongezwa baadaye kuusaidia. Hata baada ya matengenezo ya karne ya 20, upepo uliuangusha mwaka 1951 na tena 1957. Tangu 1970 nakala ya zege imesimama mahali pake, na vipande halisi viko jumba la makumbusho la abasia. Jirani yake, msalaba wa Mtakatifu Martino, umechongwa kwa jiwe moja na mikono yake ni mifupi. Huo bado uko nje, pale pale uliposimamishwa.