Je, wajua kwa nini kocha mpya akifika tu, timu inaanza kushinda?

Pita Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi wenye uwanja wa klabu yetu TP Mazembe, siku mbili baada ya Mazembe kupoteza, hata kama mpira huupendi utajua tu kuna jambo, maana kila kona ni majina ya makocha. Huyu anataka mzungu, yule anataka mtoto wa nyumbani, mwingine anasema kocha Mkongomani Florent Ibenge aitwe hata kesho kama pesa ipo. Watu wa Lupopo, wapinzani wetu wa mji huuhuu, wanacheka weee, mpaka wiki yao nayo ifike, alafu nao wanaanza wimbo uleule. Na kwenye kila ubishi wa hivi hakosi mtu mmoja mwenye ile hoja ya kuwafunga wote mdomo: "Yaya (yaani kaka), kochi akitoka ekipe inashindaka. Kumbuka mara ile."

Na hasemi uongo. Mara nyingi kocha akitoka timu inashinda kweli. Ila ukiuliza kwa nini, jibu lake halitapendwa sana nganda, pale baa: mara nyingi ingeshinda hata kama yule wa zamani angeachwa palepale.

Angalia kwanza kocha anafukuzwa lini. Hakuna rais wa klabu anayemfukuza mtu aliyetoka kushinda 3-0 (isipokuwa Inter, ambao tarehe 18 Desemba 2010 walitupiga 3-0 kule Abu Dhabi kwenye fainali ya Kombe la Dunia la klabu, alafu siku tano baadaye Rafael Benítez akawa si kocha wao tena, yaani mtu katutoa machozi sisi na kazi akapoteza yeye). Kawaida kocha anaondolewa timu ikiwa chini kabisa, imepoteza tatu nne mfululizo, mshambuliaji mkuu ana goti, penalti zinagonga mwamba, kipa anafungwa kwa mpira uliogusa mgongo wa beki wake. Sehemu ya hayo ni makosa ya kocha ndiyo, lakini sehemu kubwa ni bahati mbaya iliyojikusanya wiki moja, na bahati mbaya ya aina hiyo haikai. Ni kama mafua, unakimbilia dawa siku ile umezidiwa kabisa, kesho yake kutwa unapata nafuu, unaisifia dawa kumbe mafua yenyewe yalikuwa yameshaanza kuondoka.

Sasa utasema hiyo ni maneno tu. Hapana, watu wamehesabu. Mchumi mmoja wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichukua ligi kuu ya kwao kuanzia 1986 mpaka 2004 akatafuta kila kocha aliyeondolewa katikati ya msimu. Kuona timu inapanda baada ya kufukuza, hiyo hata mtoto angeona. Akili yake ilikuwa hapa: alitafuta pia timu zilizoporomoka vilevile, kwa kiasi kilekile, lakini zikamwacha kocha wao. Akaziweka pamoja. Zilizofukuza zilipanda. Ambazo hazikufukuza nazo zilipanda, hata hazikuchelewa nyuma ya zile nyingine. Italia, Maria De Paola na Vincenzo Scoppa waliangalia Serie A na wao hawakuona faida ya maana. Hispania kuna waliokuta faida kidogo, ila kwenye mechi za nyumbani tu, na mimi hapo nacheka, maana nyumbani ndiko wale waliokuwa wakizomea wiki iliyopita sasa wanapiga ngoma. Labda basi aliyebadilika ni shabiki, si mbinu.

"Na Faé je?"

Najua. Huwezi kusema haya mbele ya Mkongomani bila mtu kutaja CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, ile ya Côte d'Ivoire, maana ile ilituuma sisi wenyewe. Januari 2024, Ivory Coast wako nyumbani kwao, wamefungwa na Nigeria 1-0, alafu Equatorial Guinea wakawapiga 4-0, Jean-Louis Gasset akaondolewa, shirikisho lao likajaribu hata kumwazima Hervé Renard aliyekuwa na timu ya wanawake ya Ufaransa, Ufaransa wakakataa, basi ikabidi kazi apewe msaidizi, Emerse Faé, ambaye hakuwahi kuongoza timu ya taifa ya wakubwa hata mechi moja. Tarehe 7 Februari akatutoa sisi nusu fainali 1-0, na tarehe 11 akabeba kombe. Ushahidi gani tena unataka?

Haya, tuifungue ile kazi taratibu. Kabla Faé hajafanya chochote, Ivory Coast walikuwa na pointi 3 tu kwenye kundi, wakavuka kwa sababu Morocco iliifunga Zambia. Hiyo si Faé. Na dhidi ya Senegal, Ivory Coast walisawazisha kwa penalti ya Franck Kessié dakika ya 86, wakashinda kwa matuta. Na Mali, mechi ambayo ukiirudia mara mia sijui wangeshinda ngapi: Mali wakapata penalti kipa wa Ivory Coast Yahia Fofana akaipangua, beki wa Ivory Coast Odilon Kossounou kadi nyekundu kabla ya mapumziko, Mali wakafunga, Simon Adingra akasawazisha dakika ya 90, na bao la ushindi likaja mwisho kabisa wa dakika za nyongeza. Alafu angalia majina. Aliyetufunga sisi dakika ya 65 ni Sébastien Haller, na ni yeye tena aliyefunga la ushindi kwenye fainali, kwa krosi ya Adingra. Hawa wawili kwenye mechi za makundi walikuwa majeruhi! Gasset alicheza bila wao, Faé akawapata wamepona.

Simnyang'anyi Faé kitu. Kuituliza timu iliyopigwa 4-0 mbele ya watu wake si kazi ndogo, na kuwaamini wale waliotoka kupona ilikuwa uamuzi wake. Ila ukitoa hapo somo la "fukuza tu, utabeba kombe", unasahau timu zote zilizofukuza na hazikubeba kitu, na hizo hakuna anayezitaja nganda kwa sababu hazina hadithi.

Mfano mwingine ambao vijana wa hapa Lubumbashi wanaujua kama majina ya ndugu zao, maana Jumamosi Manchester United ikicheza kila mwenye televisheni barazani ana wateja. Desemba 2018 José Mourinho katoka, Ole Gunnar Solskjær kaja kushikilia tu. Mechi ya kwanza kwa Cardiff, 5-1. Akashinda nane za kwanza mfululizo. Machi akawatoa PSG kwao Paris. Dunia nzima "mpeni kazi! mpeni kazi!", na tarehe 28 Machi 2019 wakampa. Lakini rudia ile ratiba: Cardiff, Huddersfield, Bournemouth, Newcastle, hizo ndizo nne za kwanza, na Cardiff na Huddersfield zote mbili zilishuka daraja msimu ule. Baada ya kusaini mkataba wakapigwa 4-0 na Everton, na siku ya mwisho ya msimu wakafungwa 2-0 Old Trafford na nani? Cardiff hao hao, ambao walishashuka tayari. Wakamaliza wa sita. Solskjær wa Desemba na Solskjær wa Mei ni mtu mmoja.

Kuna vitu vinavyobadilika kweli, tusizidishe. Mchezaji aliyekuwa benchi miezi mitatu anaona mlango umefunguka, anakimbia mazoezini kama katoka jela. Yule staa aliyezoea jina lake liko kwenye karatasi hata asipofanya kitu, naye anaogopa. Wapinzani hawajui utapanga nini wiki ya kwanza, ya pili. Ila hofu ya mchezaji inakwisha haraka, na video za mechi zako nazo zinamfikia kila mtu, kwa hiyo mwezi wa tatu unarudi kwa wachezaji ulionao.

Na hapo ndipo ule ubishi wetu wa mzungu na mtoto wa nyumbani unanichosha kidogo, kwa sababu Mazembe wenyewe walishatupa jibu na hatukuliangalia. 2016, chini ya Mfaransa Hubert Velud, timu ilitolewa mapema Ligi ya Mabingwa na Wydad, ikaangukia Kombe la Shirikisho, ikalibeba kwa kuwafunga MO Béjaïa wa Algeria. 2017 ikatolewa mapema tena, safari hii na CAPS United wa Zimbabwe, ikaangukia kombe lilelile, na Pamphile Mihayo, kapteni wetu wa zamani, mtoto wa nyumbani kabisa, akalibeba mbele ya SuperSport United. Njia moja, kombe moja, mwaka mmoja mzungu, mwaka mwingine mtoto wa hapa. Uti wa mgongo wa timu ulikuwa karibu uleule, Rainford Kalaba na wenzake. Nani zaidi kati ya Velud na Mihayo? Ukiweza kunijibu kwa matokeo hayo, mi nakununulia bia ya Simba baridi.

Au chukua 2015. Patrice Carteron alibeba Ligi ya Mabingwa, na mashabiki wengi mpaka leo wanamtaja kama mganga. Sawa, kocha mzuri. Lakini alikuwa na Mbwana Samatta, Mtanzania aliyefunga kwenye mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016 Samatta akaenda Genk, Carteron naye akaondoka, na timu ikapungua nguvu kwenye Ligi ya Mabingwa. Ukisikiliza ubishi wa mwaka ule lilitajwa sana jina la kocha. Mi ningetaja mabao kwanza.

Mchumi Stefan Szymanski amepiga hesabu za Uingereza kwa miaka mingi, akakuta nafasi ya klabu kwenye ligi inafuatana sana na mishahara inayolipa wachezaji. Ukichukua wastani wa miaka kadhaa, mishahara inaeleza karibu asilimia 90 ya tofauti kati ya klabu. Kinachobaki ndicho kocha, na bahati, na majeraha, na refa wanagawana. Mazembe walijua hii zamani kabla ya wachumi kutuambia, ndiyo maana walikuwa wananunua Zambia, Ghana, Mali, Tanzania wakati klabu nyingi za huku zinahangaikia nauli ya safari ya ugenini.

Kwa hiyo kocha hana maana? Hapana bwana. Ndani ya hicho kinachobaki kuna watu wachache wanaokula sehemu kubwa, ila kazi yao huwezi kuiona mwezi wa kwanza, na wakati mwingine mwezi wa kwanza unakudanganya upande wa pili. Alex Ferguson mechi yake ya kwanza na Manchester United, Novemba 1986, alifungwa 2-0 na Oxford. Kombe la kwanza alilishika 1990. Mikel Arteta na Arsenal alimaliza wa nane, mwaka uliofuata wa nane tena. Hebu fikiria mtu anamaliza wa nane mara mbili pale Kamalondo, angefika hata uwanja wa ndege wa Luano na sanduku lake?

Ndiyo maana majina yakianza kutajwa mi siku hizi nauliza mambo ambayo hayamfurahishi mtu. Huyo anayekuja, nani atachagua wachezaji, yeye au ofisi? Timu zake zilizopita zilikuwaje mwaka wa pili, si wiki ya pili? Alikuwa na pesa kiasi gani kulinganisha na alipomaliza kwenye ligi, maana kumaliza wa tatu na bajeti ya timu ya kumi ni kazi, na kumaliza wa kwanza na bajeti ya kwanza ni kutovunja sahani. Na vijana, aliwahi kumtoa hata mmoja akiba akamfanya mchezaji, au kila dirisha analia aletewe wengine?

Alafu lini. Kama lazima aende, aende msimu ukiisha, mrithi wake apate maandalizi yote, awajue wachezaji kabla ya mechi ya kwanza na aseme nani abaki. Kumtoa mtu katikati, baada ya vipigo vitatu, unamlipa mkataba wake huku unamlipa mpya, kwa nafuu ambayo huenda ilikuwa inakuja bure. Nilimwambia hivi yaya mmoja wa wale wa kundi la mashabiki wa Mazembe la 100%, mwenye skafu yake nyeusi na nyeupe shingoni hata jua likiwaka, akanisikiliza mpaka mwisho vizuri kabisa, akanywa, akasema: "Umesema kweli. Lakini huyu atoke leo."